Motokaa ya Nguvu Isiyo na Paa

Msomaji mpenzi, wengi waandikao habari za motokaa husifu mwendo wake, na wakiisha kuusifu mwendo hudhani wamekwisha sema yote. Mimi nataka kukuonyesha motokaa moja kwa upande wake mwingine. Ni motokaa iliyotiwa injini kubwa kupita kiasi cha umbo lake, ikavuliwa paa, kisha ikaachiwa breki za motokaa ya kumpeleka baba kazini na mama sokoni. Jina lake ni Pontiac GTO, nayo ilizaliwa Marekani katika mwaka wa 1964. Wamarekani huiita jamii yake motokaa za misuli, na jina hilo si baya, maana misuli ndiyo iliyofikiriwa kwanza. Mifupa na mishipa ilifikiriwa baadaye.

Pontiac ilikuwa tawi moja la kampuni ya General Motors, ambayo katika miaka ile ilikuwa kubwa kuliko kampuni zote za motokaa duniani. Kabla ya hapo motokaa za Pontiac zilihesabiwa kuwa za wazee: imara, za heshima, na zisizomtia kijana hamu yoyote. Wakuu wa tawi waligeuza sifa hiyo kwa kuzipeleka motokaa zao mashindanoni, na kila zilipotangulia mbele ya nyingine vijana wakaanza kuuliza bei. Lakini mwezi wa Januari 1963 makao makuu ya General Motors yalitoa amri kwamba matawi yote yaache mashindano mara moja. Pontiac ilijiona kama mchezaji aliyenyang'anywa mpira siku ya fainali.

Mhandisi mkuu wa Pontiac wakati huo alikuwa John DeLorean, mzaliwa wa Detroit, aliyekuwa bado hajafika umri wa miaka arobaini. Yeye na wahandisi wenzake walikuwa na desturi ya kukutana penye viwanja vya kujaribia motokaa vya kampuni, huko Milford katika jimbo la Michigan. Siku moja walikuwa wakiitazama motokaa ya kadiri iitwayo Tempest, yenye injini ya inchi za ujazo 326. Mmoja wao, Bill Collins, akakumbusha jambo ambalo wote walilijua lakini hawakupata kulitia maanani: injini kubwa ya Pontiac, ile ya inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, ilikuwa na umbo lile lile kwa nje. Ingeweza kukaa juu ya vishikio vile vile bila kukata wala kuchomelea kitu. Hawakuongeza maneno mengi. Muda si muda motokaa ya kujaribia ikawa tayari, na kila aliyeazimwa kuiendesha aliirudisha kwa shingo upande.

Ilibaki sheria. General Motors ilikuwa imekataza motokaa ya kadiri isipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wakuu wa Pontiac waliisoma sheria hiyo kama wakili asomavyo hati ya shamba, wakaona kwamba inahusu injini ya kawaida ya motokaa, lakini haisemi neno juu ya vifaa ambavyo mnunuzi anaweza kujichagulia na kuvilipia zaidi. Basi GTO haikuandikwa kuwa motokaa mpya. Iliandikwa kuwa furushi la vifaa vya hiari kwa Tempest ya daraja la LeMans, kwa bei ya karibu dola 296. Katika furushi hilo mlikuwa na injini ya 389, springi ngumu zaidi, mabomba mawili ya moshi, na matundu mawili juu ya boneti ambayo, kusema kweli, hayakupitisha hewa yoyote. Yalikuwa pambo tu.

Yafaa tuitazame injini yenyewe, kwa maana ndiyo iliyoleta yote. Ilikuwa na silinda nane, nne kila upande, zilizopangwa kwa mfano wa herufi V. Ikiwa na kabureta moja yenye midomo minne, nguvu zake zilitajwa kuwa za farasi 325. Mnunuzi aliyelipa zaidi alipewa kabureta tatu zenye midomo miwili miwili. Katika mwendo wa kawaida ilifanya kazi ile ya katikati peke yake, na dereva alipokanyaga mafuta mpaka chini, zile mbili za pembeni zilifunguka, injini ikanguruma kwa sauti nyingine, na nguvu zikafika farasi 348. Hapa sina budi kukuonya. Hesabu hizi zilipimwa injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, bila baadhi ya mizigo inayoikabili ikiwa ndani ya motokaa, kama vile feni na mabomba yake yote ya moshi. Ni kama kumpima mpagazi nguvu kabla hajatwishwa mzigo. Tangu mwaka wa 1972 kampuni za Marekani zilianza kutaja nguvu za injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na farasi wengi wakatoweka katika vitabu usiku mmoja. Hata hivyo GTO ilikuwa na mbio za kweli. Jarida moja la motokaa lililoipima ikiwa na kabureta tatu liliona kwamba kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa ilichukua sekunde 6.6, na robo maili ikaimaliza kwa sekunde 14.8. Kwa motokaa ya kubeba watu wazima pamoja na masanduku yao, hayo yalikuwa maajabu.

Sasa tuje kwenye paa. GTO iliuzwa kwa namna tatu: ya milango miwili yenye nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, ya milango miwili isiyo na nguzo hiyo, na ya wazi, yenye paa la turubali linalokunjwa nyuma ya viti. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa GTO 32,450, na kati yake 6,644 zilikuwa za wazi. Kwa hiyo mnunuzi mmoja katika kila watano alilipa fedha zaidi ili apate motokaa iliyopungukiwa na kitu. Ukiwatazama watu hao kwa macho ya mhandisi, waliharibu fedha zao, na sababu yake unaweza kuijaribu mwenyewe darasani.

Chukua sanduku la viatu la karatasi ngumu. Lifunge kwa kifuniko chake, ulibandike sawasawa kwa gundi, kisha ulishike kwenye ncha zake mbili na ujaribu kulisokota kama mtu akamuavyo nguo. Halisokoteki kwa urahisi. Sasa kikate kifuniko ulisokote tena: litapinda huku na huku bila taabu. Mimi huwapa wanafunzi wangu jaribio hili, na kila mara yupo mmoja anayecheka kwa mshangao, kwa sababu hakudhani kwamba kifuniko kinachokaa juu tu, bila kubeba chochote, ndicho kinacholitia sanduku nguvu. Paa la motokaa ni kifuniko hicho. Likiondolewa, mwili wa chuma hulegea. Gurudumu moja likipanda jiwe, mlango wa upande mwingine hulia, na kioo cha mbele hutetemeka mbele ya uso wa dereva.

Wahandisi walilijua hilo kabla sisi hatujazaliwa. Dawa yao ilikuwa kulipa chini kile kilichochukuliwa juu. Motokaa hizi zilijengwa juu ya chasisi, yaani mifupa ya chuma iliyolala chini ya mwili wote. Katika zile zenye paa, vyuma virefu vya pembeni vilikuwa wazi upande mmoja, kwa mfano wa herufi C. Katika motokaa ya wazi vilifungwa pande zote nne vikawa kama bomba la mraba, kwa sababu umbo lililofungwa hukataa kusokotwa. Dawa ilifaa, lakini ilikuwa na uzito wake. Motokaa ya wazi ikawa nzito kuliko ndugu zake zenye paa, na ikiwa nzito ilichelewa kidogo kuondoka na ilichelewa zaidi kusimama. Turubali nalo, likikunjuliwa kwa mwendo mkali, lilifura na kupiga kelele. Kwa ufupi, aliyetaka mbio hasa alinunua yenye paa.

Basi kwa nini wale watu 6,644 hawakufanya hivyo? Naona jibu halimo katika hesabu. Motokaa iliyofungwa humwambia dereva mwendo wake kwa mshale wa saa tu. Motokaa ya wazi humwambia kwa ngozi yake: upepo unampiga kichwani, harufu ya nyasi zilizokatwa inampata, mlio wa injini unamfikia wote bila kupunguzwa. Maili 50 ndani yake huonekana kuwa 80. Isitoshe, dereva huonekana na watu, na tusijifanye kuwa jambo hilo ni dogo kwa mtu wa miaka ishirini. Watoto wengi waliozaliwa Marekani baada ya vita iliyokwisha mwaka wa 1945 walikuwa ndio kwanza wanapata leseni zao, na wengi wao walikuwa na fedha mfukoni ambazo baba zao katika umri huo hawakupata kuziona. Mimi siwalaumu. Nawalaumu kidogo wale waliowauzia, kwa jambo nitakalolitaja sasa.

Breki za GTO ya mwaka wa 1964 zilikuwa breki zile zile za Tempest ya kawaida: ngoma nne za chuma zenye kipenyo cha inchi 9 na nusu. Ndani ya kila ngoma mna viatu viwili vyenye bitana ngumu. Dereva akikanyaga, viatu husukumwa nje vikaikwaruza ngoma inayozunguka, na mwendo hugeuka kuwa joto. Hakuna njia nyingine. Breki haifuti mwendo, huugeuza tu kuwa moto. Na kiasi cha moto huo hakiongezeki sawa na mwendo. Motokaa inayokwenda maili 60 kwa saa haina mara mbili ya nguvu iliyokuwa nayo kwa maili 30, bali ina mara nne. Kwa maili 90 ni mara tisa. Ngoma ikipata moto mwingi hutanuka, ikajitenga na viatu. Bitana nazo hupoteza ukali wake. Na kanyagio la breki, lililokuwa gumu asubuhi, huteremka mpaka sakafuni bila jibu. Msomaji aliyewahi kuteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu nyuma ya lori lililojaa shehena anaijua harufu hiyo.

Wote walioipima GTO kwa unyofu walilisema hilo tangu mwanzo: breki hazitoshi, na usukani ni wa polepole mno. Jambo hilo halikuwa siri. Ila injini kubwa ilikuwa tayari rafuni, umbo lake lilikuwa lile lile, na ilileta wanunuzi. Breki kubwa zingetaka fedha na usanifu mpya, wala hakuna kijana aliyeingia dukani akauliza kipenyo cha ngoma.

Badala ya habari za breki, vijana walipewa habari za aina nyingine. Jina lenyewe GTO lilichukuliwa kwa Ferrari ya Italia. Kwa Kiitaliano herufi hizo zilionyesha motokaa ya safari kubwa iliyoidhinishwa rasmi kwa mashindano ya daraja fulani. Pontiac haikuidhinishwa kwa mashindano yoyote, kwa kuwa hata kushindana ilikuwa imekatazwa. Mwezi wa Machi 1964 jarida la Car and Driver lilitoka na picha iliyochorwa ya GTO mbili, ya Marekani na ya Italia, zikifukuzana. Kwa kweli hazikupata kushindana kamwe. Jarida liliandika pia kwamba Pontiac ilifika maili 60 kwa sekunde 4.6. Habari hiyo iliuza motokaa nyingi sana. Baada ya miaka mingi Jim Wangers, mtu wa matangazo ya Pontiac aliyeipeleka motokaa ile kwa waandishi, alikiri kwamba injini iliyokuwa ndani yake haikuwa ya 389, bali ya 421. Ukisoma historia, msomaji, usikubali ushahidi kwa sababu umechapwa. Uliza kwanza ni nani aliyeileta motokaa.

Niruhusu nikurudishe kwetu kidogo, kwa kuwa katika mwaka huo huo wa 1964 nguvu za Kimarekani zilikuja kupimwa hapa Afrika ya Mashariki. Kikosi cha Mercury Comet, motokaa zenye injini za silinda nane, kiliingia katika Safari Rally kwa matayarisho makubwa. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, moja ikiwa mikononi mwa Joginder Singh, ambaye mwaka uliofuata alishinda mashindano hayo kwa Volvo. Mshindi wa mwaka 1964 alikuwa Peter Hughes, kwa Ford Cortina GT yenye injini ya lita moja na nusu. Comet si GTO, wala haikuwa ya wazi, nami sitaki kukaza ulinganisho huo kuliko unavyostahili. Lakini matope yetu hayakuuliza ukubwa wa injini.

Huko kwao GTO ilizidi kupendwa. Mwaka wa 1965 ziliuzwa 75,352, na mwaka wa 1966 ziliuzwa 96,946, za wazi zikiwa 12,798 kati yake. Kampuni nyingine zikaiga, kila moja ikaja na injini kubwa kuliko ya jirani. Katika mwaka huo wa 1966 watu waliokufa katika barabara za Marekani walizidi 50,000. Motokaa za misuli zilikuwa sehemu ndogo tu ya motokaa zote, na ni makosa kuzitwika hesabu hiyo nzima. Lakini taifa lilianza kuuliza jinsi motokaa zinavyoundwa, na si jinsi zinavyoendeshwa tu. Mwezi wa Septemba 1966 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyoipa serikali mamlaka ya kuamuru vifaa vya usalama.

Ndipo paa lilipodai haki yake mara ya pili. Tangu tarehe 1 Januari 1968 iliamriwa kwamba motokaa mpya za abiria ziwe na mikanda ya viti, na kwa viti vya mbele vya pembeni uwepo na mkanda wa kupita begani. Mkanda wa bega katika siku zile ulifungiwa juu, karibu na paa. Motokaa ya wazi ingeufungia wapi? Hapakuwa na mahali. Basi sheria ikaisamehe. Fikiri maana yake: motokaa ambayo ikipinduka haina kitu cha kumkinga aliyemo kichwani, ndiyo iliyoruhusiwa kukosa mkanda wa bega pia. Waliotunga sheria hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na chaguo la kuisamehe au kuipiga marufuku, na hawakutaka kuipiga marufuku.

Mwaka wa 1967 Pontiac hatimaye iliweka breki za sahani kwa magurudumu ya mbele. Sahani huzunguka hewani, ikabanwa kutoka pande mbili, na joto lake huchukuliwa na upepo. Ilikuwa dawa hasa ya ugonjwa. Lakini zilikuwa za hiari, za kulipiwa zaidi, kama injini ilivyokuwa ya hiari miaka mitatu nyuma. Mwaka wa 1970 mnunuzi aliweza kuchagua injini ya inchi za ujazo 455, yaani karibu lita 7 na nusu, yenye farasi 360.

Huo ndio ulikuwa upeo. Kampuni za bima zilikuwa zimekwisha fanya hesabu zao wenyewe, na kijana aliyetaka kuikatia bima motokaa ya namna hiyo alitajiwa bei ya kumtoa machozi. Katika mwaka wa 1970 ikapitishwa sheria kali ya moshi, na katika motokaa za 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake zote ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Nguvu zikashuka. GTO za mwaka wa 1971 zilikuwa 10,532 tu. Za wazi zilikuwa 678, na kati yake zile za daraja la juu kabisa, zilizoitwa Judge, yaani Hakimu, zilikuwa 17. Baada ya hapo Pontiac haikuunda tena GTO ya wazi. Shida ya mafuta ya mwezi wa Oktoba 1973 ilizikuta motokaa za misuli zimekwisha dhoofika, na GTO ya mwaka wa 1974, ndogo na yenye paa, ikafunga ukurasa. Jina lilifufuliwa toka mwaka wa 2004 hadi 2006 kwa motokaa iliyoundwa Australia, nayo pia ilikuwa na paa. Tawi la Pontiac lenyewe lilifungwa mwaka wa 2010.

Wale Mahakimu 17 sasa ni mali ya matajiri, nao huwekwa katika mabanda yasiyopenya vumbi. Lakini zile za wazi za kawaida, za mwaka wa 1964 na miaka iliyofuata, zingali zinatengenezwa upya na watu wa kadiri katika gereji zilizo nyuma ya nyumba zao. Wapo wanaotaka kila msumari uwe ule ule wa kiwandani, nao hugombana juu ya rangi ya mpira wa bomba la maji. Na wapo wengine, wengi, ambao injini hawaigusi na turubali huliweka jipya la namna ile ile ya zamani, lakini hufungua magurudumu ya mbele, wakazitoa zile ngoma za inchi 9 na nusu, na mahali pake wakafunga breki za sahani.